Napita Kulia Kwako, Mama: Mhadhara juu ya Adabu ya Mpanda Baiskeli

Vijana mliokuja na kofia ngumu mikononi, nanyi mliokuja kwa miguu, ambao leo nawahitaji kuliko wote:

Wapanda baiskeli wenzangu waliposikia kwamba nitazungumza juu ya adabu njiani, walifurahi. Walidhani nakuja kuwasema madereva, wakaniletea na mashtaka yenyewe: daladala inayokukata mbele ili iwahi abiria mmoja, lori linalokupita karibu mpaka upepo wake unakuyumbisha, bodaboda anayekujia upande usio wake kisha anakuwashia taa wewe uondoke. Yote ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hatuhitaji ushahidi zaidi ya huo kujua barabara inamwonea nani.

Lakini wenye malori hawamo ukumbini. Tuliomo ni sisi, na sisi tuna kesi yetu. Mpanda baiskeli ni mtu wa katikati. Nyuma yake kuna tani kumi za chuma anazoziogopa. Mbele yake kuna bibi mwenye kikapu ambaye naye anamwogopa yeye. Tukiwa mbele ya lori tunadai haki kwa sauti. Tukiwa nyuma ya bibi tunapiga kengele mara tatu na kukunja uso. Nataka tuzungumze juu ya upande huo wa pili.

Tunayo methali inayoandikwa mpaka kwenye khanga: mwenye nguvu mpishe. Wazee walikuwa na akili, na mtu anayetaka kufika nyumbani salama ataifuata akiliona lori. Ila ni ushauri wa kujiokoa, wa kumpa mnyonge. Anayeigeuza kuwa haki yake, akapita katikati ya watoto wa shule kwa kuwa yeye ndiye mwenye magurudumu, amechukua hekima ya kujihami akaifanya leseni ya ubabe. Katika mhadhara huu nitatetea kanuni iliyo kinyume chake: anayeweza kusimama kwa urahisi zaidi ndiye asimame, na anayeweza kumuumiza mwenzake ndiye ampishe. Nitaijaribu kanuni hii barabarani, vichochoroni na porini tuone kama inasimama.

Ugomvi huu haukuanza kwetu, wala haukuanza juzi. Tarehe 12 Juni 1817 Mjerumani Karl Drais alitoka mjini Mannheim akiwa juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali, akikisukuma kwa kupiga miguu chini. Hicho ndicho babu wa baiskeli zote. Barabara za wakati ule zilikuwa zimechimbwa na magurudumu ya mikokoteni, na kwenye mifereji ile chombo kile hakikuweza kusimama sawasawa. Wapandaji wakafanya nini? Wakahamia njia za waenda kwa miguu, kulikokuwa laini. Haukupita muda mrefu, miji kadhaa, Mannheim yenyewe ikiwemo, ikawapiga marufuku kwenye njia hizo. Tazameni sababu yake: barabara mbovu humsukuma mpanda baiskeli kwenye njia ya mtembea kwa miguu. Ni hadithi ya mtaa wowote wa Dar es Salaam wakati wa masika. Kosa la kwanza ni la aliyeiacha barabara ikachimbika, lakini bibi mwenye kikapu hapunguziwi maumivu na hoja hiyo.

Miaka sabini baadaye Waingereza waliuandikia ugomvi huu sheria. Sheria yao ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1888 ilitamka kwamba baiskeli ni gari kama magari mengine ya barabarani, basi ipate haki za gari na ibebe wajibu wa gari. Ikamtaka mpandaji awashe taa usiku, na kila anapotaka kumpita mtu au mkokoteni atoe taarifa ya kusikika kwa kengele, kwa filimbi, au kwa njia nyingine, akiwa bado mbali kiasi cha kutosha. Mimi huvutiwa na hayo maneno mawili: bado mbali. Wale watu walikwisha kuona, kabla ya tairi za upepo kuenea, kwamba kengele inayopigwa mgongoni mwa mtu si taarifa.

Hebu tufanye hesabu, si ngumu. Mpanda baiskeli wa kawaida mjini huenda kama kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu kila sekunde. Mtembea kwa miguu huenda kilomita tano. Ukimkaribia kwa nyuma, unamfikia kwa tofauti ya kilomita 15, ambayo ni mita nne na kidogo kwa sekunde. Ukipiga kengele ukiwa mita tano nyuma yake, umempa sekunde moja na ushei. Katika sekunde hiyo asikie, ajue ni kitu gani, ajue kinatokea upande upi, aamue aende wapi, kisha mwili wake utii. Kijana wa miaka ishirini hawezi. Mzee ndiyo kabisa. Atakachofanya ni kushtuka na kuruka, na mtu akishtuka huruka popote, mara nyingi pale pale ulipokusudia kupita. Piga kengele hiyo hiyo ukiwa mita 30, utakuwa umempa sekunde saba. Katika sekunde saba mtu anaweza hata kugeuka akakusalimia.

Kwa hiyo kengele ipigwe mapema, mara moja, kisha ufuate mdomo. Mdomo una kitu ambacho kengele haina: unaweza kutaja upande. "Samahani mama, napita kulia kwako." Hapo hana la kubahatisha. Ajue wewe ni binadamu, ajue uko wapi, abaki alipo. Ukimpita, mshukuru. Na kama mko wengi, wa kwanza aseme, "Nyuma yangu wapo wanne," ili asije akajitosa njiani akidhani msafara umekwisha. Wa mwisho naye amwambie, "Mimi ndiye wa mwisho." Wapanda baiskeli wa milimani sehemu nyingi za dunia wanafanya hivyo, na sioni kwa nini vikundi vyetu vya Jumapili asubuhi vipite kimya kama majambazi.

Wala tusidhani adabu hii ni ya kuagiza nje. Ingieni vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, ambako kuta mbili zinakaribiana mpaka mtu akinyoosha mikono anazigusa. Wachukuzi wa mizigo wamekuwa wakipita humo tangu zamani na vitu vizito vichwani na kwenye mikokoteni, na wana wito wao: "Simile! Simile!" au "Habedari!" Wito unatangulia kabla ya kona, mzigo unafuata. Aliye mbele anajibanza ukutani, na anayepita anatoa neno la asante. Nenda Lamu, mji mwingine wa mawe ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe. Huko mwenye njia ni punda. Punda hana breki za mkono wala hasikii samahani, hivyo mtu ndiye anayempisha, na mwenye punda ndiye anayepaza sauti mapema. Pwani yetu ilikuwa na elimu ya njia nyembamba kabla baiskeli haijazaliwa. Tulichofanya ni kununua kengele na kuisahau sauti.

Tahadhari moja hapo. Kengele haimpi mpigaji haki yoyote. Ni hodi: ukipiga hodi mlangoni kwa mtu, bado unasubiri uambiwe karibu. Kuna asiyesikia. Kuna kipofu mwenye fimbo nyeupe ambaye amesikia lakini hajui aende wapi. Kuna mama ambaye ana mtoto mgongoni, wa pili mkononi na wa tatu anakimbia mbele. Siku hizi kuna na kijana mwenye spika masikioni, ambaye hata king'ora cha zimamoto hakisikii. Tumlaumu tutakavyo, lakini tusimgonge. Kwa hao wote njia ni moja: punguza mwendo mpaka ulingane na wao, na ikibidi teremka. Sijapata kumwona mtu aliyekufa kwa kusukuma baiskeli hatua ishirini.

Sasa tutoke vichochoroni twende barabara kuu.

Tanzania, Kenya na Uganda tunashika kushoto, desturi tuliyoachiwa na Waingereza. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au ukiingia Burundi na Kongo, unashika kulia. Ni jambo dogo, kila mtu analijua. Lisilofikiriwa ni kwa nini kwenda upande usio wako ni utovu wa adabu na si uvunjaji wa sheria tu. Mtembea kwa miguu hapa kwetu amefundishwa tangu shule ya msingi atembee upande wa kulia, ayaone magari yanayomjia. Mgongo wake anauacha wazi kwa kuwa ameambiwa hakuna kitu kitakachotokea huko. Mpanda baiskeli anayeshika kushoto anakutana naye uso kwa uso. Wanaonana, wanapishana, mambo yamekwisha. Anayekwenda kinyume, kwa kuwa duka alitakalo liko upande ule na hataki kuvuka mara mbili, anamjia mtu huyu mgongoni kabisa, mahali pekee alipoahidiwa usalama. Wakati huo huo magari yanamjia yeye mwenyewe usoni, hivyo likitokea gari atakwepa wapi? Kwa mtembea kwa miguu. Mita mia za uvivu wako zinalipwa na mtu mwingine.

Halafu kuna daladala iliyosimama kituoni. Mlango wake uko kushoto. Mpanda baiskeli mwenye haraka huona uwazi kati ya daladala na ukingo wa barabara, akajipenyeza. Abiria anayeshuka anaangalia mguu wake na mzigo wake, na konda anamwambia "shuka haraka tuondoke". Hawezi kujua kwamba kuna chuma kinamjia kwa mwendo wa mita tano kwa sekunde. Hapa sina kanuni mbili. Simama nyuma ya daladala kama unavyosimama nyuma ya mtu anayeingia mlangoni kwake. Ikiwa unaweza kuizunguka kwa kulia na kuna nafasi, na umeangalia nyuma, na umenyoosha mkono, zunguka. Kushoto usipite hata kama nafasi ni ya mita mbili.

Mkono huo wa ishara nao una habari. Watu wengi wakisikia neno adabu njiani hufikiria ukarimu: kumpisha huyu, kumpungia yule apite. Mimi naona adabu kubwa zaidi barabarani ni kueleweka. Mpanda baiskeli anayekwenda mstari ulionyooka, anayeangalia nyuma kabla ya kuhama, anayenyoosha mkono kabla ya kukata kona, amewapa wote walio karibu naye zawadi: wanajua atafanya nini. Anayezigizaga baina ya magari yaliyoegeshwa, mara yumo mara hayumo, anawalazimisha watu wote wabahatishe. Na ukarimu usio na hesabu unaweza kuua. Nimeona mpanda baiskeli akifunga breki ghafla katikati ya barabara ili ampungie mtoto avuke. Nia njema. Ila pikipiki iliyokuwa ikimpita haikumwona mtoto, na mtoto aliamini mkono wa mtu mzima. Alinusurika kwa unene wa kidole. Usimwite mtu avuke njia ambayo si yako peke yako. Wewe simama kwa utulivu, na yeye aamue kwa macho yake.

Kuhusu taa nitasema machache kwa kuwa hakuna wa kubisha. Taa ya mbele na kiakisi mwanga cha nyuma ni sehemu ya salamu, asiyeonekana hajasalimia. Zile taa kali za kumetameta zinazouzwa siku hizi, ziinamisheni chini kidogo mnapopita palipo na watu. Kumpofusha mtu si kumwangazia.

Nije kwenye njia zetu za baiskeli, kwa kuwa najua mtaniuliza. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, kando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa njia za watembea kwa miguu na za baiskeli. Jiji likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, na nadhani njia zile zilichangia. Leo ukipita utakuta kwenye njia ya baiskeli meza ya chipsi, nguo za mtumba, bodaboda wanaokimbia foleni na gari lililoegeshwa "dakika moja tu". Mpanda baiskeli ana haki ya kukasirika. Lakini nauliza: akikasirika aende wapi? Wengine huingia kwenye njia ya mwendokasi yenyewe. Hilo ni kosa ambalo silitafutii udhuru. Basi refu lililojaa watu haliwezi kukukwepa, na dereva akifunga breki za ghafla kwa ajili yako, waliosimama ndani ndio wanaoanguka. Wengine hupanda juu ya njia ya watembea kwa miguu na kuwapigia kengele watembea kwa miguu, kana kwamba hao ndio waliowawekea meza ya chipsi. Ukiingia kwenye njia ya mtu kwa kuwa yako imezibwa, unaingia kama mgeni. Nenda mwendo wa miguu. Kisha ukifika nyumbani iandikie manispaa, kwa sababu meza ile haiondolewi kwa kengele.

Sasa niwapeleke porini, mahali ambapo kanuni yangu inapata mtihani wake mgumu.

Vilima vya Pugu, magharibi mwa jiji, vimekuwa uwanja wa mazoezi wa wapanda baiskeli wa milimani. Ni pazuri: miti, vivuli, njia nyembamba nyekundu zinazopanda na kushuka. Ila njia zile hazikukatwa kwa ajili ya michezo. Zilikatwa na nyayo za akina mama wa kuni, watoto wa shule, watu wa mashamba, na wale wanaume ambao sisi wa jiji tunawajua kwa magunia yao: wachukuzi wa mkaa. Mtu mmoja, baiskeli moja ya chuma ya Kichina au ya Kihindi, na magunia ya mkaa yanayozidi uzito wake mwenyewe yamefungwa kwa mpira kwenye keria. Mlimani haendeshi, anasukuma, mwili umelala karibu usawa wa ardhi.

Shirika la kimataifa la wapanda baiskeli za milimani, IMBA, lililoundwa Marekani mwaka 1988, lina kanuni zake za njiani zinazojulikana dunia nzima. Mojawapo inasema mpanda baiskeli awapishe watumiaji wengine wa njia, na wapanda baiskeli wakikutana mlimani, anayeshuka ampishe anayepanda. Sababu yake ni ya busara: anayepanda akisimama, kuanza tena ni kazi, anayeshuka ana mteremko wa kumsaidia. Kwa mchukuzi wa mkaa anayepanda, kanuni hiyo inatosha. Wewe unayeshuka na baiskeli ya kisasa yenye breki za diski, simama, toka njiani, muache apite, msalimie. Akitaka msaada wa kusukumwa, sukuma. Glavu zako zitafuliwa.

Lakini akiwa anashuka yeye, na unayepanda ni wewe? Kanuni ya kitabu inasema yeye ndiye akupishe. Sasa mtazame. Breki za baiskeli yake hazikuundwa kwa mzigo ule, kama bado zipo. Wengi wanasimamisha kwa kukandamiza ndala ya tairi la gari juu ya gurudumu, wanausikiliza mpira unavyolia. Huyu hawezi kukupisha. Akijaribu, ataenda korongoni na mkaa wake wa wiki nzima. Hapo anayefuata kanuni ya kitabu ni mjinga, na anayefuata sababu ya kanuni ndiye mwenye adabu: aliye na uwezo wa kusimama, asimame. Mara hii ni wewe uliye katikati ya kupanda, mapigo ya moyo yako juu, saa yako ya mkononi inakuhesabia rekodi. Rekodi itasubiri. Mwenzako yuko kazini.

Nasema hivyo kwa mkazo kwa sababu nimesikia wapanda baiskeli wa michezo wakiwalalamikia wachukuzi hao kwamba "wanaharibu njia". Wauza madafu pia wamelalamikiwa hivyo hivyo mjini, wakisukuma baiskeli iliyovikwa madafu pande zote mpaka haionekani, kwamba wanachukua barabara nzima. Baiskeli nchini mwetu ni chombo cha kazi kwanza, na starehe imekuja baadaye. Nguo za kubana hazimpi mtu kipaumbele juu ya aliyevaa kaptula iliyochanika.

Kuna anayeharibu njia kweli, naye ni yule anayeendesha siku baada ya mvua kubwa. Tairi zenye meno hukata mfereji kwenye udongo uliolowa, mvua inayofuata huugeuza mfereji kuwa mtaro, na masika mawili baadaye akina mama wa kuni wanapita juu ya korongo. Akikuta dimbwi analizunguka, na wa nyuma yake analizunguka zaidi, mpaka njia ya futi mbili inakuwa ya mita tatu na shamba la mtu limeliwa. Ama pita katikati ya tope uchafuke, ama rudi nyumbani. Njia inayokatiza shamba iombee ruhusa, hata kama haina uzio. Mihogo haina uzio vijijini, ina mwenyewe.

Wanyama nao wana haki yao. Ng'ombe wakiwa njiani, simama umuulize mchungaji upite upande gani, hata kama ni mtoto wa miaka kumi. Yeye ndiye anayewajua. Kwa punda usitokee nyuma kimya, hupiga teke. Na wanyamapori ni sura nyingine kabisa. Kule Kenya, karibu na Naivasha, Hifadhi ya Hell's Gate iliyoanzishwa mwaka 1984 ni mojawapo ya hifadhi chache ambako mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, twiga na nyati bila kukaa ndani ya gari. Mbele ya nyati sihitaji kuwafundisha adabu. Yeye atawafundisha.

Jijini Nairobi kwenyewe upo msitu wa Karura, ambako mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakijaribu kupanda miti kuupinga unyakuzi wake. Leo ndani yake watu wanatembea, wanakimbia na wanaendesha baiskeli. Msitu uliookolewa kwa damu unaweza kuwatosha watu wote, mradi anayeendesha akumbuke kwamba aliyekuja kutafuta utulivu hakuja kurukaruka pembeni kila baada ya dakika mbili.

Adabu nyingine hazimo katika kanuni za IMBA wala za Uingereza, ni za kwetu. Katika vijiji vingi kijana akikutana na mzee humteremkia baiskeli ili amwamkie. Shikamoo inayotupwa kwa mwendo wa kasi haipokewi vizuri. Sisemi uteremke kwa kila mzee wa Kariakoo, hutafika. Ila kijijini, kwenye njia ya wenyeji, punguza na useme. Kikundi cha watu kumi kinachopita kijiji kizima bila salamu kimewatukana wenyeji, hata kama hakikufungua mdomo. Jeneza likipita, teremka usimame mpaka lipite. Ijumaa mchana watu wakitoka msikitini barabara ni yao kwa dakika chache, kama ilivyo ya wanaotoka kanisani Jumapili, sukuma.

Sasa nisikie pingamizi, maana naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Je, nataka mpanda baiskeli awe mtu wa kujifuta, ampishe kila mtu, ajibane ukingoni mwa mtaro? Hapana, na madereva nao wasikie. Ukingo wa barabara zetu una mchanga, chupa zilizovunjika, mifuniko ya mitaro iliyoibwa. Anayeendesha kwenye mchanga huo huteleza, na akiteleza huangukia barabarani. Kukaa karibu mita moja kutoka ukingoni si kiburi. Mahali pembamba, ambapo gari haliwezi kumpita salama, mpandaji akishika katikati ya njia yake anasema wazi "hapa hapapitiki, subiri," na anapotokea upana anarudi kushoto na kuinua mkono wa asante. Uingereza iliporekebisha mwongozo wake wa barabara mwezi Januari 2022, iliandika mambo mawili ambayo sisi tunaweza kuyachukua bila aibu. La kwanza, dereva anayempita mpanda baiskeli amwachie angalau mita moja na nusu. La pili, kila anayeweza kudhuru zaidi abebe wajibu zaidi: lori kwa gari dogo, gari dogo kwa baiskeli, baiskeli kwa mtembea kwa miguu.

Nawaomba wapanda baiskeli msiyasome nusu. Nimekuwa katika maandamano ya baiskeli ambako mabango yalidai mita moja na nusu, na walioyashika, wakiwa njiani kurudi, waliwapita wanafunzi kwa sentimita ishirini. Mwanafunzi anahitaji nafasi ile ile kutoka kwako. Ukiwa huna ya kumpa kwa sababu njia ni nyembamba, mpe mwendo mdogo badala yake.

Kesho, kabla ya kutoka, jaribuni kengele na breki zenu, za mbele na za nyuma, na anayekosa kengele anunue. Sasa nayapokea maswali. Namwomba Mwenyekiti aanze na waliokuja kwa miguu, na sisi wenye baiskeli tuwasikilize mpaka wamalize.